Vyakula Vigeni na vya Ajabu: Kipi Tule, Kipi Tuache?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na aali zake na Maswahaba zake.

Ama baad. Maswali ya vyakula yanayotufikia yamebadilika. Zamani watu waliuliza kuku wa barafu kachinjwa na nani, au mafuta ya kopo yametoka wapi. Siku hizi mzazi wa Wete anauliza kuhusu pweza anayeliwa Korea huku minyiri yake bado inacheza sahanini, kwa kuwa mwanawe kamuona kwenye simu. Mwanafunzi wetu aliyeko China anauliza kuhusu mayai meusi anayopakuliwa bwenini. Kijana anayefanya kazi jikoni katika hoteli za Nungwi anauliza kama anaweza kuwaonja konokono anaowapikia wageni. Nimeona ni bora kuyakusanya majibu mahali pamoja, ili familia iwe na pa kurejea.

Msingi tutakaoufuata ni madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo ya wengi wetu visiwani, na tutayataja mengine pale khitilafu inapokuwa na faida kwa msomaji. Ndugu zetu Maibadhi wana wanachuoni wao na vitabu vyao, nao wawarejee hao.

Ugeni wa chakula si hukumu

Asili ya vyakula ni uhalali. Katika Suratul Baqarah aya ya 29 Allah ametueleza kwamba ametuumbia vyote vilivyomo ardhini. Kisha katika Suratul An'am aya ya 145 akavitaja vilivyoharamishwa: kibudu, damu inayomwagika, nyama ya nguruwe, na kilichochinjwa kwa kutajiwa asiyekuwa Yeye. Hadithi sahihi zikaongeza wanyama wenye chonge za kuwindia, ndege wenye kucha za kurarulia, na punda wa kufugwa, ambaye alikatazwa siku ya Khaybar. Na katika Suratul A'raf aya ya 157 imo kanuni pana zaidi, kwamba Mtume anawahalalishia watu vilivyo vizuri na anawaharamishia vilivyo viovu.

Hakuna popote katika hayo paliposemwa kuwa chakula ni haramu kwa sababu hatukukizoea. Dalili iliyo wazi kabisa ni kisa cha dhabb, nacho kimo katika Bukhari na Muslim kwa riwaya ya Ibn Abbas (R.A.). Dhabb ni mjusi mkubwa wa jangwani ambaye chakula chake zaidi ni majani. Aliletwa akiwa amechomwa nyumbani kwa Mama wa Waumini Maymuna (R.A.), ambaye alikuwa ni dada wa mama yake Ibn Abbas na pia wa mama yake Khalid bin Walid. Mtume (S.A.W.) aliponyoosha mkono, wanawake waliokuwepo wakaona ni lazima aelezwe kilichomo sahanini. Alipoelezwa akauondoa mkono wake. Khalid akamuuliza kama ni haramu. Akajibu kuwa si haramu, lakini mnyama huyo hakuwa katika ardhi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid akaivuta sahani kwake akala, na Mtume (S.A.W.) anamtazama.

Kisa hiki kina mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza, nafsi kukikataa chakula hakukifanyi kuwa haramu. La pili, chakula kuwa halali hakumlazimishi mtu kukila. Baba anayemshikilia mtoto ale kitu ambacho kinamtia kichefuchefu, kwa hoja kwamba ni halali, akitazame tena kisa hiki. Na anayemcheka mwenzake kwa alichokula akumbuke kuwa Mtume (S.A.W.) hakuwa na tabia ya kukitia ila chakula. Akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Wengi wanaojirekodi wakionja vyakula vya watu huku wakikunja nyuso na kutema wamelisahau hilo, na wanaotazama nao wanajifunza kwao.

Hapa iko tanbihi ndogo. Dhabb siye kenge. Nimewahi kuona watu wanaitumia hadithi hii kwa kenge na hata kwa guruguru. Kenge anakula nyama na mizoga, na wanachuoni wetu wamemuweka katika vilivyokatazwa.

Basi inakuwaje pale ambapo hakuna Aya wala hadithi inayomtaja mnyama? Mashafi'i wamesema tutazame Waarabu wenye tabia iliyosalimika na waliokuwa katika neema walimuonaje. Walichokiona kizuri ni halali, na walichokiona kichafu ni haramu. Imam Malik yeye amesema kuwa kisichokuwa na dalili ya kukiharamisha kinabaki katika uhalali wake. Khitilafu nyingi tutakazozikuta huko mbele zimetoka hapa, na ukilijua hili hutashangaa kumuona Muislamu wa Morocco amesimama barabarani na bakuli la supu ya konokono baada ya kutoka msikitini.

Vya baharini

Hapa Allah ametupa wasaa mkubwa. Suratul Maidah aya ya 96 imehalalisha kiwindwa cha bahari na chakula chake, na katika hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) Mtume (S.A.W.) aliieleza bahari kuwa maji yake ni twahara na kilichokufa humo ni halali. Jabir (R.A.) alikuwa katika jeshi la watu 300 chini ya Abu Ubayda (R.A.). Njaa iliwafikisha hadi ya kula majani ya miti, kisha bahari ikawatupia ufukweni samaki mkubwa mno aitwaye anbar. Wakamla kwa muda wa nusu mwezi, na iko riwaya inayosema mwezi. Waliporudi Madina, Mtume (S.A.W.) aliwauliza kama wamebakisha chochote. Wakampelekea, akala.

Kwa hivyo samaki mbichi anayeliwa katika sushi ya Wajapani hana tatizo kwa ubichi wake. Tatizo huwa katika wali, kwani baadhi ya wapishi huutia mirin au sake, na hivyo ni vileo. Uliza kuhusu wali kabla ya kuuliza kuhusu samaki.

Pweza wa Korea huitwa san-nakji. Kwa kawaida hukatwa hapo hapo na kupakuliwa, na kule kucheza kwa minyiri ni kwa mishipa ambayo bado haijatulia. Ipo hadithi kwamba kinachokatwa kwa mnyama aliye hai ni kibudu, nayo imekuja kwa sababu watu wa Madina walikuwa wakikata nundu za ngamia na mikia ya kondoo walio hai. Lakini kibudu cha baharini ni halali, kwa hiyo hukumu hiyo haimuingii pweza. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kuwa kumla wa baharini akiwa hai ni makruhu, si haramu. Mimi naongeza kuwa tumeamrishwa wema hata katika kuua, na kwamba vipande hivyo vina vinyonyeo vinavyoweza kushika kooni, na watu wamekufa kwa kukabwa navyo. Sisi tunampiga pweza mpaka alainike, kisha anaingia chunguni. Anayeuacha utaratibu huo kwa ajili ya kupata picha tu hana udhuru mzuri.

Jongoo bahari ni kisa cha kuchekesha kidogo. Wanaokotwa na sasa wanafugwa katika fukwe zetu, kisha wanakaushwa na kusafirishwa Asia, ambako ni kitoweo cha harusi na cha wageni wakubwa. Hapa kwetu ukimuwekea mtu mezani ataondoka. Hukumu yake ni kuwa ni halali kwa kuwa ni wa baharini, na biashara yake ni halali vile vile.

Wanaouliza kuhusu papa aliyeozeshwa wa Iceland, aitwaye hákarl, wakumbuke harufu ya papa mkavu anapopita Darajani, na kwamba ndugu zetu wa Oman wana wao wanayemwita awal. Harufu haiharamishi. Kinachotazamwa katika samaki waliovundikwa ni madhara. Mwaka 1991 nchini Misri watu 18 walikufa kwa sumu iliyozalika ndani ya fasikh, samaki wa chumvi anayeliwa huko katika sikukuu ya majira ya kuchipua. Samaki huyo ni halali, lakini akitengenezwa vibaya anaua.

Kuhusu kaa kuna khitilafu ndani ya madhehebu yetu wenyewe. Katika Minhaj, Imam Nawawi amemtaja kaa pamoja na chura na nyoka katika wanaoishi nchi kavu na majini, na hao ni haramu. Lakini katika Majmu' yake ameelekea kuwa vyote vya baharini ni halali isipokuwa chura. Watu wa pwani wengi wanakula kaa, na wanayo kauli ya kuitegemea. Mwenye kuacha kwa uchamungu ameacha, na asimkemee anayekula. Chura hana mjadala kwetu, kwa sababu Mtume (S.A.W.) alikataza kumuua hata kwa ajili ya dawa. Mapaja ya chura ya Wafaransa tuwaachie wenyewe.

Bunju wa Japani na kasa wa kwetu

Wajapani wana chakula kiitwacho fugu, ambaye ni samaki wa jamii ya bunju. Sumu yake, hasa ile iliyomo katika ini na mayai, hupooza misuli mpaka mtu akashindwa kuvuta pumzi, na moto wa jikoni hauiondoi. Huko mpishi hapewi ruhusa ya kumtengeneza mpaka apate leseni maalumu. Pamoja na hayo, mwaka 1975 mwigizaji wao mashuhuri, Bandō Mitsugorō wa Nane, alikufa Kyoto baada ya kula ini la samaki huyo. Fiqhi yetu iko wazi: samaki ni halali, sumu ni haramu. Akiondolewa sumu na mjuzi aliyethibitishwa, kilichobaki ni halali. Mvuvi wetu anayejipasulia bunju nyumbani kwa kuwa alimuona babu yake akifanya hivyo hayumo katika sharti hilo.

Watu wakisikia habari za fugu hutikisa vichwa na kusema Wajapani wana ujasiri wa ajabu. Nami hujibu kuwa katika vyakula vyote vilivyotajwa katika makala haya, kilichowazika watoto wetu kwa wingi hakikutoka Japani wala Korea. Ni kasa.

Novemba 2021 watu saba walifariki Pemba baada ya kula nyama ya kasa, na mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza wilayani Mkoani, walifariki watoto wanane na mtu mzima mmoja, na wengine 78 wakapelekwa hospitali. Marehemu wetu hatuwalaumu. Walikula kitoweo walichokijua tangu kwa wazee wao, wakagawana na majirani kama inavyotakiwa, na tunamuomba Allah awarehemu na azipe subira familia zao. Lakini waliobaki hai wana wajibu wa kujua.

Sumu ya kasa haionekani kwa macho, haina harufu wala ladha. Kuchemsha hakuiondoi, kukausha hakuiondoi. Hakuna dawa inayoiua. Madaktari wanachoweza ni kumsaidia mgonjwa mwili wake upigane. Kasa mmoja huliwa na watu wakasalimika, na mwingine wa aina ile ile akawaangamiza, kwa hiyo kule kusema kuwa sisi tumekula miaka yote si ushahidi. Mtu akidhani kumuonjesha paka kwanza kunatosha, ajue kuwa dalili zinaweza kuchukua saa nyingi au hata siku kadhaa kujitokeza. Wanaodhurika zaidi ni watoto, na mama anayenyonyesha anaweza kuipitisha sumu hiyo kwenye maziwa akamdhuru mwanawe ambaye hakuonja chochote.

Ama hukumu yake, wengi katika wanachuoni wa Kishafi'i wameharamisha kasa, na Wamaliki wamemruhusu. Lakini hata tukiichukua kauli nyepesi kabisa, kauli hiyo inamzungumzia mnyama asiyedhuru. Baada ya vifo hivi, aliyepata habari hana tena pa kusimama. Allah amekataza katika Suratun Nisaa aya ya 29 tusijiue, na katika Suratul Baqarah aya ya 195 tusijitupe kwa mikono yetu katika maangamizi, na Mtume (S.A.W.) ameweka kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana. Juu ya hayo, sheria za visiwa vyetu zinamhifadhi kasa na zinakataza kumvua. Kwa hiyo tunasema bila ya kusitasita: kasa asiliwe, asiuzwe, na asipelekwe kwa jirani kama sadaka. Aliyekwisha kula, au aliyelisha wanawe, asione haya wala asiogope kuulizwa. Awakimbize hospitali na aseme ukweli wa walichokula, hata kama bado wanaonekana wazima.

Wadudu

Mdudu ambaye hana mjadala ni nzige. Ibn Abi Awfa (R.A.) amepokea kwamba walipigana vita saba pamoja na Mtume (S.A.W.) wakila nzige, na katika riwaya ya Ibn Umar (R.A.) nzige ametajwa pamoja na samaki kuwa ni maiti wawili waliohalalishwa. Kwetu nzige hachinjwi, na hata akiokotwa amekufa ni halali. Ajabu ni kwamba Imam Malik, ambaye kwa kawaida ana wasaa katika mlango huu, ndiye aliyeshurutisha kuwa nzige auliwe kwa kitendo.

Vijana wetu wanaosoma au kufanya kazi Bukoba na Uganda wanauliza kuhusu senene. Senene ni katika jamii ya panzi, ana umbo la nzige na anakula majani, na Waislamu wa huko wanamla kwa kumhesabu kuwa ni aina ya nzige. Kipimo hicho nakiona kina nguvu, na sioni ubaya kumla. Ni vizuri afe kwanza kabla ya kutiwa kikaangoni. Ama kumbikumbi, huyo yumo katika wadudu wa ardhi ambao Mashafi'i wamewaharamisha, na vile vile funza wa mopane wanaoliwa Zimbabwe na Botswana, na nyenje. Wamaliki wanawaruhusu wadudu hawa kwa masharti ya kutodhuru na kuuliwa kwa nia. Kwa hiyo sisi hatuli, lakini ndugu yako Muislamu wa bara anayekula akiwa na kauli ya imamu nyuma yake, usimtoe maanani wala usimwite mchafu.

Wenye jamaa Ulaya wawe macho zaidi. Tangu mwaka 2021 Umoja wa Ulaya umeruhusu wadudu kadhaa kuuzwa kama chakula, na unga wao unaweza kuwemo katika biskuti, mikate na tambi bila ya kuonekana. Sheria inataka watajwe kwenye pakiti, na huandikwa kwa majina ya kitaalamu. Ukiona Acheta domesticus, huyo ni nyenje. Tenebrio molitor ni funza wa unga. Locusta migratoria ni nzige, na huyo ni halali. Rangi nyekundu inayoandikwa E120 hutokana na mdudu wa mpungate aitwaye cochineal, na huwemo katika peremende na maziwa ya mgando yenye ladha ya matunda. Baraza la Ulamaa la Indonesia liliiruhusu mwaka 2011, wanachuoni wengine wa huko huko wakaikataa. Kanuni ya madhehebu yetu inaelekea katika kukataa, na kwa kuwa rangi ni pambo tu, kuiacha hakumpunguzii mtu kitu.

Kuna jibini la Sardinia, nchini Italia, liitwalo casu marzu, ambalo huachiwa nzi watage humo mpaka lijae funza walio hai. Vitabu vyetu vimesamehe funza wanaozaliwa ndani ya tunda, siki au jibini wakiliwa pamoja nacho, kwa sababu ya taabu ya kuwatenganisha. Msamaha huo ni wa tende iliyoingiliwa, si wa kuwafuga kusudi. Hata serikali ya huko imepiga marufuku kuliuza, kwa hiyo mas-ala hayo hayatusumbui sana.

Nyama, mayai na damu

Katika nyama kuna maswali mawili, na mtu akijibu moja akasahau jingine hupotea. Kwanza mnyama ni nani, kisha amekufaje. Farasi ni halali kwetu, na Jabir (R.A.) amepokea ruhusa yake siku ile ile ya Khaybar alipokatazwa punda. Hivyo mwanafunzi aliyeko Kazakhstan akipakuliwa qazi, soseji ya farasi, na amechinjwa na Waislamu, ale. Aulizie kumis, maziwa ya farasi yaliyochachushwa, kwani yanaingia ulevi. Kangaruu wa Australia anakula majani na asili yake ni halali, lakini anayeuzwa madukani hupigwa risasi porini usiku na wawindaji wa kibiashara. Akiwa hivyo, kwetu ni kibudu. Mbuni ni halali akichinjwa. Mamba ana chonge, haliwi. Mbwa hana haja ya maelezo, na Korea Kusini wenyewe mwaka 2024 wamepitisha sheria ya kuifuta biashara ya nyama yake.

Haggis ya Waskoti inawatisha watu bure: ni moyo, ini na mapafu ya kondoo yaliyokatwakatwa na kupikwa ndani ya tumbo lake. Anayekula utumbo na makongoro hana la kushangaa hapo. Kondoo akiwa amechinjwa kisharia, ni halali. Soseji nyeusi ya Waingereza ni jambo jingine, kwani hiyo ni damu, na mara nyingi ya nguruwe. Damu inayomwagika ni haramu hata ikipikwa ikawa ngumu, na hata ikichanganywa na maziwa kama wafanyavyo baadhi ya wafugaji wa bara.

Yale mayai meusi ya China ni halali. Ni mayai ya bata yaliyofukiwa katika mchanganyiko wa chokaa, majivu na chumvi kwa wiki au miezi, wala si miaka elfu kama jina linavyodai. Balut ya Ufilipino ni kinyume chake. Hilo ni yai la bata lenye kifaranga kilichokwisha umbika, nalo huchemshwa likaliwa. Kifaranga hicho kimekufa bila ya kuchinjwa, basi ni kibudu.

Na kijana wa Nungwi? Konokono wa nchi kavu kwetu ni haramu, asiwaonje. Akimpa mwenzake asiye Muislamu aonje chumvi, kazi yake haitaharibika. Suala la kupika nguruwe na vileo kwa mshahara ni zito zaidi, na lina jibu lake mbali.

Kahawa ya paka

Kopi luwak ya Indonesia ni buni zilizomezwa na mnyama wa jamii ya ngawa kisha zikatoka na kinyesi chake. Watu husikia hivyo wakasema haramu papo hapo. Lakini wanachuoni wa Kishafi'i walikwisha kusema zamani kuwa punje iliyotoka tumboni mwa mnyama ikiwa ngumu kiasi kwamba ukiipanda itaota, si najisi yenyewe bali imenajisika, na ikioshwa inatwaharika. Kwa kanuni hiyo Baraza la Ulamaa la Indonesia lilitoa fat-wa mwaka 2010 kuwa kahawa hiyo ni halali baada ya kuoshwa. Supu ya viota vya ndege, vinavyojengwa kwa mate, nayo ni halali vikisafishwa, kwani mate ya ndege aliye hai ni twahara. Linalonikera mimi katika kahawa hii ni wanyama wanaofungiwa kwenye vizimba vidogo na kulishwa buni tupu. Mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa amehadithiwa kuwa aliingia Motoni kwa hilo. Anayeinunua aulize imetoka kwa mnyama wa porini au wa kizimbani, kisha aitazame na bei yake.

Ukiwa mgeni wa watu

Wanafunzi wetu wanaogopa zaidi aibu ya mezani. Aibu mbele ya mwenyeji si dharura. Dharura iliyotajwa katika Suratul Baqarah aya ya 173 ni ya mtu anayechelea kufa au kudhurika kwa njaa. Kama chakula ni haramu, usile, na useme mapema kabla hakijapikwa, kwani kumwambia mwenyeji siku moja kabla ni heshima kwake. Kama ni halali lakini nafsi inakataa, fanya kama alivyofanya Mtume (S.A.W.) kwa dhabb: ondoa mkono, sema ukweli kwa upole, na mwache anayekipenda ale.

Ukiletewa nyama na ndugu Waislamu, na hujui kama aliyechinja alitaja jina la Allah, Bi Aisha (R.A.) amepokea kwamba watu waliuliza swali hilo hilo, nao wakaambiwa wataje jina la Allah wao wenyewe na wale. Usimhoji mwenyeji Muislamu kama hakimu. Lakini kwa nyama ya duka katika nchi ambayo wengi wake si Waislamu wala si watu wa Kitabu, hapo kuuliza ni lazima, na usipopata jibu, samaki na mayai havikosekani.

Wallahu a'lam.